Programu Iliyopakwa Nta

Methali zetu hazina haraka. Mtu huzikariri shuleni, akapata alama zake, akazisahau. Zenyewe hukaa zikimngoja mpaka siku atakapojikwaa. Mzee Mativo, bingwa wa kuchonga vinyago pale mtaani Ziwani, aliijua ile iliyokuwa ikimngoja. Aliijua tangu utotoni, na aliwahi kuwahubiria wengine mara nyingi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuishika ni jambo jingine kabisa.

Karakana ya Umoja wa Wachongaji ilikuwa nyuma ya nyumba za mawe za zamani. Ukipita asubuhi ulisikia tezo zikigonga magogo ya muhugu, ko, ko, ko, na vumbi la mbao lilikufuata hadi barabarani. Twiga, vifaru, wazee wenye mikongojo, sahani za matunda, vyote vilitoka humo vikaenda ng'ambo. Lakini hakuna hata kimoja kilichotoka bila kupita mikononi mwa Mzee Mativo, maana yeye ndiye aliyeshika kitambaa cha nta. Alikipindua kinyago huku na huko, akakikagua kwa kidole gumba, na akiridhika alikipaka nta mpaka king'ae. Baada ya hapo, ole wako usogeze tezo! Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana: kazi iliyopakwa nta haiguswi na chuma tena. Kyalo, mchongaji hodari mwenye ulimi usiotulia, aliwahi kumpunguza tembo masikio baada ya nta. Alisimamishwa kazi wiki nzima, na masikio ya tembo yule yanasimuliwa hadi leo.

Basi mwaka ule, mvua za El Niño zilipokatika, Umoja ulijipatia kompyuta. Aliyeileta ni karani wao Kavinya, binti wa pekee wa Mzee Mativo, aliyekuwa amesomea mambo hayo katika chuo kimoja cha mjini. Alibeba jina la nyanyake, ndiyo maana babake alimwita "mwaitu," yaani mama kwa Kikamba. Kavinya hakutaka programu za kununua. Aliwaeleza wazee kwamba ipo Linux, ambayo watu wa dunia nzima huitengeneza kwa pamoja na kugawiana bure.

"Kumbe ni harambee!" alisema mwenyekiti, Mzee Nzivo. Wazee wakalipenda jambo hilo papo hapo.

Kavinya akaweka ndani ya mashine ile programu ya kupokea na kutuma barua pepe, akaiacha imeunganishwa na laini ya simu tangu asubuhi hadi jioni. Mke wa mwenyekiti akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Mzee Mativo, yeye alitafuta kipande cha mpingo akaichonga anwani ya barua pepe ya Umoja, akaitundika barabarani. Hata ile alama ya a iliyozungushiwa mkia aliichonga vizuri mno.

"Hiyo ni nini, Mzee? Konokono?" wapita njia walimuuliza.

"Konokono ni wewe! Hiyo ndiyo inayoijulisha dunia kwamba Ziwani ipo."

Na dunia ikajua kweli. Barua zikaanza kuingia, na kazi ikafuata barua. Kubwa kuliko zote ilitoka kwa kanisa moja la Uswidi, ambalo lilitaka mlango wenye Nuhu, safina na wanyama wawili wawili. Mzee Mativo aliposomewa barua hiyo aliketi juu ya gogo, akavua kofia. Maisha yake yote alikuwa amechonga twiga wa kuwekwa juu ya televisheni za watu. Sasa angechonga mlango ambao watu wangepita wakienda kubatizwa, kuoa na kuombewa safari ya mwisho. Aliuona kuwa ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya, na hakuona haya kulisema hilo kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza, na hata kwa wasiokuwa tayari.

Mlango ulipokuwa umefika nusu, Kavinya alisimama katika mkutano wa Umoja.

"Programu yetu ya barua imegunduliwa kuwa na ufa," alisema. "Walioitengeneza wametoa mpya ambayo imezibwa. Naomba siku moja tu barua zisimame, niiweke."

Mzee Nzivo alimgeukia Mativo, kama walivyozoea kufanya wote kila jambo lilipohusu ubora wa kazi.

"Barua zinaingia?" Mativo aliuliza.

"Zinaingia, Baba."

"Zinatoka?"

"Zinatoka."

"Basi hiyo imekwisha pakwa nta. Na iliyopakwa nta haiguswi."

Karakana nzima ikacheka na kupiga makofi. Kavinya alingoja wanyamaze. "Ufa upo, Baba, hata kama barua zinapita. Kuna wezi wanaozunguka katika mitandao wakijaribu mlango mmoja mmoja, wanatafuta ambao haujazibwa."

"Wezi watoke Ulaya waje Ziwani kuiba barua za twiga?" Kyalo alidakia. "Hao watakuwa na njaa ya ajabu!"

"Hawataki barua zetu. Wanataka mlango wetu, wapitishie zao."

Lakini kicheko kilikuwa kimeshamzidi nguvu. Mzee Mativo alirudi nyumbani kichwa juu. Alijiona ameilinda kazi ya bintiye, kama alivyozilinda kazi za mafundi wengine. Walipokuwa wakila muthokoi jioni ile, Kavinya aliligusia tena jambo hilo kwa upole. Babake akaweka kijiko chini.

"Mwaitu, fundi anayerudi kuparuaparua kazi iliyokwisha ni fundi mwoga. Sikukulea uwe mwoga."

Neno hilo lilimchoma Kavinya kama msumari wa moto. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alinakili barua zote kwenye diski, akazifungia kabatini. Programu mpya ikafuatwa na nyingine mpya zaidi, na kila alipotoa taarifa mkutanoni, jibu lilikuwa lile lile la nta.

Kilichofuata hakikupiga hodi. Jumatatu moja ya baridi ya Julai, Kavinya alifungua mashine akakuta barua zimemiminika kama siafu. Hazikuwa za wateja. Mmoja alitukana kwa Kiingereza, mwingine kwa lugha ambayo hakuna aliyejua hata ilitoka wapi. Wote walilalamika kwamba Umoja wa Wachongaji wa Ziwani ulikuwa ukiwasumbua mchana na usiku kwa matangazo ya dawa za kuotesha nywele.

"Sisi tunauza dawa ya nywele?" alimaka Mzee Nzivo, huku akipapasa upara wake uliong'aa kuliko kinyago chochote mle ndani. Siku nyingine watu wangevunjika mbavu. Siku hiyo hata Kyalo alifyata ulimi.

Mambo hayakuishia hapo. Kanisa la Uswidi lilikuwa limeuliza vipimo vya bawaba, na Kavinya akawajibu. Jibu lake likarudi. Akalituma tena, likarudi tena. Kila barua iliyotoka Ziwani ilikataliwa na kurudishwa, kana kwamba imebeba ndui.

"Mwaitu, nini hiki?" aliuliza Mzee Mativo.

"Wameingia, Baba. Wametuma takataka zao kwa maelfu ya watu kwa jina letu. Sasa mashine za dunia nzima zimeambiana zisipokee chochote kinachotoka kwetu. Wamepita kwenye ule ufa."

Alisema "ule ufa," basi. Hakuongeza "si niliwaambia?" Hakumtupia babake hata jicho. Mzee Mativo alitamani angesema, kwa maana kimya kile kilimwuma kuliko maneno yote ambayo angeweza kurushiwa.

Baba na binti wakaenda kwa miguu hadi Eastleigh. Huko, kwenye First Avenue, Filsan, rafiki wa Kavinya tangu chuoni, alikuwa na ofisi ambamo watu waliwaandikia jamaa zao wa ng'ambo. Yeye naye alitumia Linux na programu ile ile ya barua.

"Karibu, Mzee. Pole sana," Filsan alisema na kuwavutia viti. "Hata hapa waligonga wiki iliyopita. Walikuta nimeziba."

Wakaliandikia kanisa kwa mashine ya Filsan. Jibu lilipokuja, Kavinya alilisoma kwa sauti iliyokuwa ikififia. Kanisa lilikuwa limepokea kutoka Ziwani barua nyingi za aibu. Wapo katika kamati waliosema kwamba watu wa namna hiyo hawafai kuitengenezea nyumba ya Mungu mlango, kazi ipewe wengine. Kamati ingekaa Ijumaa mchana. "Kama ni ninyi kweli," barua ilimalizia, "tuandikieni kutoka anwani yenu wenyewe, mtueleze yaliyotokea, kabla hatujaketi."

Mzee Mativo alirudi Ziwani kichwa chini. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, Nuhu amenyoosha mkono akimwita njiwa. Hakuweza kuutazama. Akaketi, akachukua kinoo na tezo yake, akaanza kunoa, kwa kuwa mikono ya fundi hujitafutia kazi moyo unapokosa pa kushika.

Kavinya alikuja akachuchumaa kando yake. "Baba, kuziba hakutoshi tena. Aliyeingia hatujui ameficha nini ndani. Itanibidi niibomoe yote mpaka msingi, niijenge upya. Halafu niwaandikie wanaotunza orodha za mashine zilizokataliwa, niwaombe watuondoe. Na Ijumaa ndiyo hiyo."

Mzee Mativo alikuwa akisikiliza huku mkono ukienda na kurudi juu ya kinoo. Mara ukasimama. Aliitazama tezo. Alipewa na babake kule Wamunyu angali kijana. Mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara nyingi, na makali yake aliyanoa kila asubuhi ya maisha yake. Hakuna siku hata moja aliyowahi kusema kwamba tezo imekwisha, ipakwe nta.

"Ala!" alisema peke yake. "Ala, Mativo! Mjinga we!"

Akainuka, akawaita wachongaji wote.

"Ndugu zangu, nimewapotosha," alisema. "Kinyago hukamilika, kikapakwa nta, kikaenda zake. Lakini ile programu si kinyago. Ni tezo! Nani hapa aliinoa tezo yake mara moja tu, siku ile aliyoinunua?"

Wachongaji wakatazama tezo zao.

"Hata wewe, Kyalo, mvivu wa kunoa kuliko wote?"

"Hata mimi nanoa, Mzee," Kyalo alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi nilimkataza fundi kunoa chombo chake, tena nikamwita mwoga. Fundi wa chombo kile ni Kavinya. Kuanzia leo, katika hilo, neno lake ndilo la mwisho. Mwaitu, tuambie unataka nini."

Kavinya alisimama. Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyazuia, maana kazi ilikuwa nyingi. "Nataka vumbi likome," alisema.

Likakoma. Tezo ziliwekwa chini mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea karakanani siku ya kazi, hata mama mmoja wa jirani akaja mbio kuuliza ni nani aliyefariki. Filsan aliifunga ofisi yake akaja na diski zake mkobani. Wasichana wale wawili wakavuta viti mbele ya mashine, na Mzee Mativo akaketi mlangoni na rungu lake, akimfukuza yeyote aliyekaribia, kuku wakiwemo.

Walifuta kila kitu. Mzee alipochungulia akaona kioo kimebaki cheusi kitupu, alikaribia kuingia awazuie. Ilikuwa kama kutazama gogo la thamani likitupwa motoni. Kisha polepole maandishi yakaanza kurudi, mstari baada ya mstari. Linux ikasimama upya, ikafuatwa na programu mpya ya barua, na Kavinya akaufunga kila mlango ambao wageni wangeweza kupita. Akazitoa zile diski za Ijumaa kabatini, akazirudisha barua za wateja mahali pake. Filsan alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Ulikuwa ukizinakili wiki zote hizi?"

"Walinikataza kuziba," Kavinya alisema. "Hawakunikataza kutunza."

Mzee Mativo aliyasikia hayo kutoka mlangoni. Akageuza uso, akajifanya anakohoa.

Kubembeleza wenye orodha ndiko kulikowatoa jasho. Hao hawakuamini maneno matupu. Kila mmoja aliujaribu mlango wa Ziwani mwenyewe, kutoka huko aliko, aone kama bado unapitisha takataka za watu. Mmoja aliujaribu akaukuta umefungwa, akaliondoa jina lao. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliwaweka roho juu hadi Ijumaa asubuhi, ndipo naye akawafuta.

"Sasa, Baba," Kavinya alisema, "niambie niandike nini."

Mzee Mativo alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Andika: mimi ni Mativo, mchonga mlango. Programu yetu ya barua ilikuwa na ufa. Binti yangu aliuona akaniambia, nami nikamkataza kuuziba kwa kiburi changu."

Vidole vya Kavinya vikasita. "Baba, na hilo pia niandike?"

"Liandike. Na lisomeke vizuri! Endelea: wezi wakapita hapo, wakawatukana ninyi kwa jina letu. Binti yangu na rafiki yake wamebomoa kila kitu na kujenga upya, na barua hii inatoka kwenye mikono yao. Kama hamniamini mimi, mna haki. Mwaminini yeye. Mlango wenu uko hapa, na Nuhu anawasalimu."

Kavinya akaituma. Wachongaji wote walikuwa wamejazana pale, wamesahau kwamba wamekatazwa kuingia. Wakakitumbulia macho kioo, wakingojea barua irudi kama zile nyingine zilivyorudi. Dakika zikapita. Chai ikaletwa, ikapoa. Barua haikurudi.

"Imefika!" Kavinya alisema. Kyalo akaruka, akagonga kichwa kwenye boriti.

Lakini kufika si kukubaliwa. Ijumaa ile ilikuwa ndefu kuliko juma zima. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa mjini wakati mashine ilipolia, na Kavinya akafungua jibu la kanisa. Alisoma akiwatafsiria wazee polepole.

"Kamati imekaa. Barua ya Mzee Mativo ilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Hakuna aliyepinga tena. Mlango uendelee, nasi tunangoja vipimo vya bawaba." Akavuta pumzi. "Inaendelea. Wanasema, baada ya kusikia habari zenu, karani wetu ameitazama programu yetu sisi wenyewe. Haijaguswa tangu siku ilipowekwa, na ina ufa ule ule. Je, Bi Kavinya anaweza kutueleza jinsi alivyofanya, nasi tufanye kabla wezi hawajafika?"

Kelele zilizozuka zilisikika hadi mtaani Starehe. Mzee Nzivo alirusha kofia, Kyalo akaanza kucheza kilumi akitumia debe kama ngoma, na Filsan akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa. Mzee Mativo peke yake ndiye aliyesimama tuli.

"Soma tena, mwaitu," alisema.

"Pale wanapoukubali mlango?"

"Mlango nimeusikia. Soma pale wanapokutaja wewe."

Kavinya akasoma. Akaombwa asome tena, naye akasoma huku akicheka na kulia, kwa kuwa safari hii hakuona sababu ya kuyazuia machozi. Babake alimtazama jinsi anavyotazama gogo zuri lisilohitaji kuongezewa wala kupunguziwa kitu. Alikuwa amechonga maelfu ya kazi, lakini hakuna iliyowahi kumpa fahari kama hiyo, na hiyo hakuichonga yeye.

Si kila kitu kilirudi. Duka moja la Ufini, lililokuwa limeagiza vifaru wa mpingo, halikujibu tena hata liandikiwe vipi. Vifaru wale wamebaki rafuni karakanani. Mgeni akiuliza bei yao, Mzee Mativo humwambia hawauzwi, kisha humkalisha chini na kumweleza kisa chote bila kujificha. Na Jumatatu Kavinya akisema barua zisimame ili aweke programu mpya, tezo huwekwa chini bila mjadala, naye mzee huzunguka Ziwani nzima akitangaza kwamba bintiye yuko kazini na wanaofundishwa naye wako mpaka Uswidi. Watu wamechoka kumsikia, lakini hawamkatizi, kwa kuwa wanajua anasema kweli.

Ufa ule ungezibwa kwa siku moja ya utulivu. Haukuzibwa, ukala jina lao, ukala mteja wao, ukawatoa jasho juma zima wakiinua upya kilichokuwa kimesimama. Wahenga hawakukosea hata chembe: usipoziba ufa, utajenga ukuta.